Fundo la Tano

Zamani za kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakishonesha nguo, mambo yaligeuka siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na saba Shaabani, saa tatu asubuhi. Saa hiyo Tembo aliingia kwa mafundi. Gudum! Gudum!

Mafundi walikuwa wanne. Buibui alichora, Kaa alikata kwa gando lake, ndege Mnana alishona kwa mdomo, na Kobe alijipasha tumbo juu ya jiwe la jua, kisha akajiburura juu ya nguo kuipiga pasi. Wa tano alikuwa Sange, yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Yeye hakushona. Alibeba nguo kutoka kwa huyu mpaka kwa yule, na kila nguo aliifunga uzi. Fundi akimaliza kazi yake, hupiga fundo. Nguo isiyo na fundo haisogei. Fundo la tano hupigwa na mwenye nguo akishaipokea.

Asubuhi hiyo palikuwa na gauni jeupe lenye mafundo mawili tu. Lilikuwa la Mwanatumu, binti wa Mama Kwale. Harusi ilikuwa Jumamosi, kabla ya Ramadhani kuingia. Lakini Mama Kwale alikuwa kitandani, pumzi zikimpungua. Alimwambia Sange, "Mwanangu, Jumamosi siioni. Niletee gauni leo, nimwone binti yangu amelivaa. Kisha niko radhi."

"Acheni vyote!" Tembo alinguruma. "Kanzu yangu kwanza! Na hicho cheupe nikatieni kola."

"Hilo linangojwa na mgonjwa, baba," alisema Mnana.

"Mgonjwa ni nani mbele yangu? Nikikaa hapa, nyumba hii ni unga!"

Sange akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, kipua. Nani alikuazima pua ya kwetu?"

"Ni ya kwenu, baba, ndiyo maana nakuonea uchungu. Mwili mkubwa ni kama maji ndooni, ukitikisika kipimo kinamwagika. Hupimwa asubuhi, adhuhuri na alasiri, na katikati hapo husogezi hata sikio. Ukisogea, tunaanza upya. Wengi hawawezi, huchoka."

"Nichoke mimi? Mimi? Lete kamba!"

Sange akampeleka uani, akamzungusha kamba tumboni, akampa ncha aishike kwa mkonga. Tembo akasimama. Nzi akamtua jichoni, hakupepesa.

"Lo! Baba ni mlima!" Sange alisema, akarudi ndani mbio.

Chaka-chaka-chaka! Mnana akashona, akapiga fundo la tatu. Shaaa! Kobe akapita juu ya gauni, akapiga la nne. Sange akalitwaa gauni, pyuu! mpaka kwa Mama Kwale.

Mwanatumu akalivaa. Mama yake akamtazama, akamtazama.

"Geuka, mwanangu. Mgongo umekaa vizuri. Alhamdulillahi."

Akaushika uzi kwa mdomo, akazungusha fundo la tano. Nguvu zikamwishia kabla hajalikaza. Mwanatumu akavuta ncha ya pili, wakalikaza pamoja. Alasiri haijaadhiniwa, Mama Kwale akafariki.

Sange akalia hata akamsahau Tembo.

Jua lilipokaribia kuzama, gudum! gudum! "Kipua! Uko wapi? Umenipima mara moja tu!" Tembo akafika mlangoni kwa Mama Kwale, kamba ingali mkongani. Akamwona Mama Kwale amefunikwa.

"Nilikudanganya, baba," Sange alisema. "Niwie radhi. Angekufa hajaliona."

Tembo akajibu, "Ungeniambia tu."

"Mnana alikuambia, baba."

Tembo akainamisha kichwa. Akaiweka kamba chini polepole, akaenda kuchimba kaburi kwa pembe zake mwenyewe, wala hakukubali mtu amsaidie.

Wanangu, mwenye nguvu anaweza kungoja zamu yake, mgonjwa hawezi.

Ewe Mola, mrehemu Mama Kwale, mpanulie kaburi lake, ulitie nuru. Warehemu na wetu wote waliotutangulia, wale tuliowahi kuwafikia na wale tuliochelewa. Amina.