Mshipi wa Mdimu

Kwaruu. Kwaruu. Kwaruu.

Vijana waliokuja kuchukua meza ya harusi waliisikia randa kabla ya kumwona anayeipiga. Walipozunguka ukuta walimkuta Bibi Teofrida mwenyewe, maranda yamemjaa kwenye khanga, akilainisha meza ya mkangazi. Katikati ya wekundu wake alikuwa amezamisha ukanda mwembamba wa mti mweupe.

"Bibi," akasema mmoja wao, "mti mzuri namna hii unautia kiraka cha nini? Si ungeuacha uwe peke yake?"

"Ubao wa peke yake haujui rangi yake," akajibu Bibi Teofrida, na randa ikaendelea.

Vijana wakatazamana. "Maneno hayo umeyatoa wapi?"

Bibi akaiweka randa chini.

"Hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalianzia kwenye kitanda, hapa hapa Mgende, na yalianza hivi."

Palikuwa na fundi seremala kijana, jina lake Ponsiano Likanga. Babu yake aliutunza mkangazi nyuma ya nyumba, baba yake akaukata, akaupasua mbao, akazipanga darini zikauke polepole. Babu akafa, baba akafa, mama naye akafuata. Ponsiano akabaki na nyumba kubwa, mbao nyekundu, na sauti yake mwenyewe.

Mtu akikaa peke yake muda mrefu huanza kujiimbia. Ponsiano hakufundishwa utungaji na mtu. Aliokota mashairi ngomani na misibani, akajipangia yake kwa mapigo ya randa, na hakuona mtunzi wa kumpita. Alilolipenda zaidi lilikuwa hili:

Mkangazi ndiye bwana, mti usio kifani,
Hautaki kushikana, na vijiti vya jirani.

Majirani wakipita humtania: "Ponsiano, huo mkangazi mwishowe utakuoa!"

"Ukinioa hautanipikia ugali mbichi kama wa kwako!" naye huwajibu, wakacheka, wakaenda zao. Kisha nyumba ikanyamaza tena.

Sasa, Mgende kitanda cha ndoa kilikuwa na desturi yake. Mbao zilitoka kwa mwanamume. Upande wa mwanamke ulitoa kipande cha mti uliosimama nyumbani kwao, nacho kikachongwa mshipi, yaani ukanda unaozamishwa kwenye mchago, ule ubao wa kichwani. Mshipi uliombwa. Fundi alikwenda mwenyewe, akapiga hodi, akaitikiwa karibu, ndipo akaomba mti. Hivyo mke, hata gizani, akipapasa mchago alijua kwamba ndani ya nyumba ile pana kwao.

Ponsiano alimpenda msichana aitwaye Anzelma. Anzelma alifika Mgende mwaka ule mto ulipoacha njia yake ukakizoa kijiji cha Mtukulo. Alikuja kwa miguu, na nguo aliyoivaa, bila mtu. Akapata hifadhi kwa mjane mmoja mwisho wa mji, akawa anasuka mikeka. Habari za kwao hakuzisema. Mara moja tu, wakiwa wanapepeta mpunga, alicheka ghafla akamwambia Ponsiano:

"Kwetu hatukufuga mbwa. Tulikuwa na mdimu mlangoni. Mgeni asiyejua kuinama, unamchana. Mama alikuwa akisema, huyu ndiye mbwa wetu, hali wala habweki."

Kisha akamtazama, akingoja aulizwe zaidi. Ponsiano alikuwa na ubeti mpya kichwani, akauimba ule ubeti.

Walipokubaliana kuoana, Ponsiano alisema, "Wewe huna wa kukutolea mti. Basi ni bahati yetu! Nitakifanya kitanda chote cha mkangazi, tangu mguu mpaka mchago. Hakijawahi kuonekana."

Akakichonga kwa moyo wote. Akakipaka mafuta, akakisugua, kisha akamwita Anzelma aje akione.

Anzelma akapitisha kiganja juu ya mchago, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Hapa namwona babu yako," akasema. "Hapa baba yako. Na wewe nakuona katika kila kiungo, maana hakuna hata kimoja kinacholegea. Mimi niko wapi?"

"Wewe?" Ponsiano akacheka. "Wewe utalala juu yake!"

"Hata kunguni hulala kitandani, Ponsiano."

Fundi akapandwa na hasira. "Sasa mti wa kwenu niutoe wapi? Kwenu si kumekwisha?"

Neno likatoka, likakaa katikati yao. Anzelma akajifunga khanga vizuri.

"Kumekwisha, ndiyo. Nami nikilala humo nitakuwa nimekwisha. Mpunga ukishavunwa nitawafuata wenzangu waliokwenda mashamba ya miwa."

Akatoka.

Ponsiano hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alisema moyoni, anataka mshipi, atapata mshipi, tena wa fahari. Akachimba mfereji mwembamba kwenye mchago, akaanza kujaribisha miti. Mtiki una mafuta yake, gundi ikateleza. Mvule ulipendeza, lakini alijua kwamba baada ya miaka michache utakuwa wa kahawia, uyeyuke ndani ya mkangazi kama haukuwapo. Mwisho akachukua mpingo. Ulivunja ncha ya patasi yake, lakini ulikaa: mstari mweusi ulionyooka, unang'aa kama jicho. Akaubeba mchago kichwani mpaka kwa yule mjane.

Anzelma aliutazama kwa muda.

"Mpingo huu ni wa nani?"

"Ni wako. Nimekuchagulia mti wa thamani kuliko yote!"

"Ulisimama kwa nani?"

Ponsiano akaupangusa mchago kwa mkono.

"Mzuri," akasema Anzelma kwa upole. "Lakini umenikodishia ndugu."

Ponsiano akarudi nyumbani na mchago wake, akaung'oa ule mpingo, akauegemeza ubao ukutani. Kuanzia siku ile hakuimba. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala akiwa amesimama. Kitandani hakuweza kulala. Alitandika mkeka chini, kando yake. Asubuhi jirani akachungulia mlangoni, akaziona mbao zile nyeusinyeusi kwenye kiza cha nyumba, akavua kofia.

"Pole, jirani. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Hicho ni kitanda."

"Ala! Nisamehe. Nilidhani ni jeneza."

Jirani alipoondoka, Ponsiano alifungua madirisha yote. Akatazama. Wekundu alioimba miaka yote haukuonekana. Palikuwa na giza juu ya giza, mkangazi kando ya mkangazi. Na katika kimya kile ndipo maneno ya Anzelma aliyoyapita bila kuyauliza yakamrudia: tulikuwa na mdimu mlangoni.

Akachukua msumeno, akashika njia ya Mtukulo.

Kijiji hakikuwapo. Palikuwa na tope lililokauka likapasuka, na nguzo chache zimelala upande mmoja, zote zikielekea mto ulikokwenda. Alizunguka sana. Akauona mti mmoja umesimama, umekufa wima, jua limeukausha mpaka umekuwa mweupe kama mfupa. Akaukimbilia. Kwa haraka hakuinama, na miiba ikamchana mikono yote miwili na shavu.

Hapo ndipo mlango ulipokuwa. Ponsiano akarudi nyuma hatua moja, kama desturi inavyotaka.

"Hodi," akasema.

Upepo ukapita.

"Hodi wenyewe!"

Hapakuwa hata na ukuta wa kumrudishia sauti. Akaita mara ya tatu, kwa sauti ndogo, kisha akakaa juu ya tope. Alikijua kimya kile. Ndicho kimya cha nyumbani kwake kila alipoacha kuimba. Yeye alikifunika kwa mashairi. Anzelma alikibeba hivi hivi, siku zote, na Ponsiano ndiye aliyemwambia kwao kumekwisha.

Alipoinuka alivua kofia. "Mama Anzelma," akasema mbele ya mahali pale patupu, "ni Ponsiano, fundi wa Mgende. Nimekuja kuomba mti."

Akangoja kadiri mtu mwenye adabu angengoja. Kisha akakata tawi moja nene, shina akaliacha lisimame.

Mdimu ni mti mgumu, nyuzi zake zimeshikana, na patasi kali huuchonga bila kuuchana. Rangi yake ilikuwa ya njano hafifu, kama maziwa yanayoanza kuganda. Ponsiano aliuchonga, akaupaka gundi, akaugonga taratibu kwenye mfereji ulioachwa na mpingo, akaupiga randa usawa na mchago.

Akatazama, randa ikamshuka mkononi. Kando ya weupe ule mkangazi uliwaka. Ulionekana kila mshipa wa ubao, kila wimbi, wekundu juu ya wekundu. Ulikuwa ubao ule ule wa babu yake, naye alikuwa hajauona.

Akamtumia Anzelma salamu. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, naye akaja na furushi lake la safari kichwani. Kabla hajauona mchago aliona mikono ya Ponsiano.

"Umechanwa na nini?"

"Na mbwa wenu," akasema Ponsiano.

Furushi likashuka. Anzelma akausogelea mchago, akauweka mkono juu ya mshipi, akafuata njia yake yote kwa kidole kimoja. Hakulia. Aliuliza, mgongo wake umeelekea mlango:

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

"Nani aliitika?"

"Hapakuwa na mtu."

Mkono wake ukabaki pale pale juu ya mshipi. Kisha akageuka.

"Karibu," akasema. "Nimechelewa kuitika. Karibu."

Mdomo wa Ponsiano, uliokuwa na ubeti kwa kila jambo, ulitafuta maneno kwa shida.

"Miaka yote niliimba wekundu huu na sikuwahi kuuona," akasema. "Ubao wa peke yake haujui rangi yake."

Anzelma hakumuuliza kama alikuwa akisema habari za ubao.

"Na pale kwetu?" akasema. "Patabaki vile vile, bila mtu?"

Ponsiano akaushika mkono uliokuwa juu ya mdimu, akasema kwa sauti, mpaka waliokuwa njiani wakasikia:

"Nakuahidi, Anzelma. Kila mwaka mpunga ukishavunwa, tutakwenda Mtukulo mimi na wewe. Mimi nitapiga hodi, na wewe utaitika."