Kurasa Zilizogandana kwa Asali

Bisha ukitaka. Wamebisha wengi kabla yako, tena watu ambao vyeti vyao vya shule vinajaza ukuta mzima, nao wakaishia kuniomba niwarudie tangu mwanzo. Mimi shule niliiaga mapema, lakini kwa habari ya kanisa lililozingirwa na nyuki siku ya Sikukuu ya Mavuno, hajazaliwa msomi wa kunifundisha. Kaa kitako, usikilize, ndipo ubishe.

Wazee wamepokezana kwamba zamani za waamini wa kwanza, huko juu migombani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliishi mja mwema jina lake Zefania, mrina asali. Kitongoji kizima kilikuwa na Biblia moja, nayo ilikaa kwake, kwa kuwa ndiye pekee aliyejaliwa kusoma. Kila alfajiri majirani walikusanyika uani kwake, wakaketi juu ya majani makavu ya mgomba, naye akaendelea kuanzia pale alipoishia jana. Kuruka hakukuwako. Kitabu walikipanda kama mtu apandavyo mlima, hatua juu ya hatua, na wakifika kileleni walirudi chini wakaanza upya.

Nao walikuwa na desturi yao. Jioni, walipokutana kwenye mfereji kuchota maji, hawakuulizana habari za mchana. Waliulizana, "Neno limekutuma wapi leo?" Jibu halikuwa hekima, lilikuwa kazi. Aliyesikia asubuhi habari za wajane alijibu, "Limenituma kwa mama fulani, nimempasulia kuni." Asiyekuwa na jibu alichekwa mpaka akabeba kibuyu chake na kushika njia.

Sasa, mja mwema naye ni mja. Mwaka uliotangulia kisa chenyewe, Zefania aliukuta mzinga wake mmoja mtupu, masega yametapakaa chini ya mti. Hakuuliza, hakuchunguza. Alisimama mbele ya watu akatamka, "Mwenye mkono mrefu tunamjua. Anaishi nyuma ya ua wangu." Nyuma ya ua wake wa masale, mimea ile ya kupandwa mipakani, aliishi Ndekirwa, mrina mwenzake, rafiki yake tangu wakichunga mbuzi. Tangu siku ile Ndekirwa hakukanyaga tena uani alfajiri, wala kanisani, na akina mama walipomwona akipita walisogeza vyungu vyao ndani. Ndivyo jina la mtu linavyokufa, hata matanga halifanyiwi.

Msimu wa asali ukarudi. Zefania alitangaza mapema kwamba chungu kilichonona kuliko vyote atakitoa sadaka siku ya Mavuno. Akapanda msituni magharibi, moshi umetanda, giza linaingia, akarina mzinga uliojaa ajabu, huku akiimba zaburi kama ilivyokuwa kawaida yake. Kesho yake akarudi kufuata kisu alichokisahau. Kwenye mwanga akaona chapa ya ubavuni imefunikwa na kuvu. Akaikwangua kwa ukucha. Ilikuwa mwezi mchanga, chapa ya ukoo wa akina Ndekirwa. Mzinga wake mwenyewe ulining'inia mti wa pili, na ndani yake nyegere alikuwa amezamisha kichwa, anakula kwa raha zake, makucha yake yameacha mikwaruzo juu ya mikwaruzo ya mwaka jana.

Basi asubuhi moja ikamletea kweli mbili, na zote hakuzipenda. Aliyeitwa mwizi hakuiba. Aliyeiba ni yeye Zefania.

Alishuka akiwa amenuia kwenda moja kwa moja kwa Ndekirwa. Lakini miguu yake, yenye adabu kuliko nia yake, ikampeleka nyumbani kwanza. Akasema moyoni, nitakwenda kesho. Kesho ikazaa kesho.

Wakati huo alfajiri walikuwa katika Injili ya Mathayo, wamemaliza heri zile, wanaendelea na mafundisho ya mlimani. Siku moja, kinywa kikiwa bado mstari wa juu, macho ya Zefania yakatangulia chini, yakakuta maagizo ya yule anayeleta sadaka madhabahuni, naye anakumbuka kwamba ndugu yake ana jambo juu yake. Akageuza karatasi mbili kwa mpigo.

"Kurasa zimegandana," akasema.

"Zimegandana na nini?" akauliza Bibi Priska, ajuza mmoja ambaye meno yalimwisha lakini maswali hayakumwisha.

"Asali, bibi. Si unajua mikono ya mrina."

Damari, mkewe, alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka. "Baba Anande, jana zilikuwa nzima. Zilete nizitie mvuke."

"Kitabu hakipikwi, mama."

Watu walipotawanyika, Zefania alitazama kushoto, akatazama kulia, akachovya kidole chunguni na kuzigandisha kweli zile kurasa, asionekane mwongo. Ndiyo, mrina asali huyo huyo, mcha Mungu huyo huyo. Unacheka nini? Ungekuwa wewe ungetumia gundi.

Alfajiri iliyofuata akatangaza kwamba Mathayo amemchosha macho, heri wapumzike kidogo na Mambo ya Nyakati, kwenye vizazi. Aliwaza hivi: vizazi havimtumi mtu popote. Akawasomea fulani alimzaa fulani, na fulani akamzaa fulani, mpaka uji ukapoa.

Jioni mferejini Bibi Priska akaweka kibuyu chini, akashika kiuno. "Leo neno limenituma nizae. Tangu asubuhi natafuta mume, kila nikibisha hodi wanatokea mlango wa nyuma."

Watu wakacheka hata maji yakamwagika.

"Na wewe, mwanangu Zefania? Limekutuma wapi?"

"Mimi... bado natafakari, bibi."

"Tafakari upesi. Nisije nikazaa wewe hujamaliza."

Zefania alicheka na wenzake, lakini uji wake wa asubuhi, pamoja na asali yote ile, ukawa shubiri kinywani. Akipita kando ya ua wa masale alisikia tezo la Ndekirwa likichonga mzinga mpya, tok, tok, naye akaharakisha kama mtu aliyenyeshewa.

Jumapili ya Mavuno ikawadia. Kanisa lilikuwa la udongo, limeezekwa kwa majani, lenye mlango mmoja na kidirisha. Watu waliingia na mikungu, na vikapu vya ulezi, na kuku wasiopenda ibada. Zefania akaja nyuma ya wote, chungu begani. Alipofika kizingitini Damari akamshika mkono.

"Zile kurasa nimezibandua," akamwambia polepole. "Kwa mvuke wa uji. Kusoma sijui, mume wangu, ila najua karatasi iliyogandishwa na kidole. Zimeandikwa nini humo, hata asali yetu ikakosa utamu?"

Zefania akashusha chungu. Akamwambia yote, la nyegere na la mzinga. Kisha akamwambia maandiko yale: kwamba mtu kama yeye aiache sadaka yake pale pale, aende akapatane na ndugu yake kwanza, ndipo arudi aitoe.

Damari akamtazama. "Basi pale pale ndiyo hapa. Unangoja nini?"

Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii neno kwa herufi likishamshika, akakiacha chungu katikati ya mlango, akaligusa kwa goti jani lililokifunika likaanguka, wala hakuligeukia. Akatimua mbio. Damari akaingia ndani akaketi.

Uani kwa Ndekirwa alifika anahema. Njiani alikuwa amechuma jani la isale kwenye ua, akalifunga fundo, kama afanyavyo mtu wa huko ajapo kuomba radhi. Ndekirwa alikuwa amepiga magoti juu ya gogo lake. Alilitazama jani, akalitazama jasho.

"Umechelewa," akasema.

"Kanisani?"

"Kwangu."

Zefania akapiga magoti naye. "Ndugu yangu, mwaka jana nilikuita mwizi, kumbe ni nyegere. Mwaka huu nimerina mzinga wako, kumbe mwizi ni mimi. Nimelijua tangu siku nyingi, nikakaa kimya. Nisamehe."

"Najua."

"Unajua lipi?"

"La nyegere nalijua tangu mwaka jana, nyayo zake niliziona. La mzinga nililijua jioni ile ile. Msitu mzima hakuna mrina mwingine anayepanda mti akiimba zaburi, tena kwa sauti ya mbuzi."

"Na hukusema?"

Ndekirwa akapuliza vumbi la mti kwenye tezo. "Nilikuwa namsubiri Mathayo. Kila alfajiri nakaa nyuma ya masale nasikiliza. Mzunguko uliopita tulikisoma pamoja, nakumbuka kilipo kila kitu. Nikapiga hesabu nikaona sura ile itakufikia karibu na mavuno. Nikasema, nikimwambia mimi tutagombana, acha aambiwe na Mola wake. Halafu nikasikia umekimbilia vizazi." Akatikisa kichwa. "Hapo, Zefania, nusura niruke ua."

Akalipokea jani. Walishikana mabega, mmoja analia, mwingine anamcheka anayelia, kisha wakabadilishana. Ndipo wakasikia kutoka kanisani wimbo ukiisha na mwingine ukidakiwa upesi, na mwingine, kama watu wanaoogopa kimya.

Walipofika waliona sababu. Nyuki wa migomba yote ile walikuwa wamepata habari za chungu kisicho na kifuniko. Mlango ulikuwa mweusi, unavuma. Mahubiri yalikwisha zamani, mzee wa kanisa akayarudia, watu wakaimba kila walichokijua, na hakuna aliyethubutu kutoka. Bibi Priska alikuwa amejibandika kidirishani.

"Zefania," akaita, "neno limekutuma wapi leo, hata sisi likatufungia huku?"

Zefania akasimama mbele ya nyuki na mbele ya watu. "Limenituma nyuma ya ua wangu," akajibu kwa sauti ile ya mbuzi, kila mtu asikie. "Ndekirwa hakuniibia kamwe. Nilimsingizia, mwizi alikuwa nyegere. Na asali hii iliyowafungia ni ya Ndekirwa. Mimi ndiye niliyeichukua."

Ndekirwa akawasha majani mabichi, akaingia na moshi wake taratibu kama mtu anayerudi nyumbani kwake, akawasukuma nyuki pembeni. Kisha wakashika chungu wote wawili, huyu huku na huyu huku, wakakipeleka madhabahuni. Kina mama wakasogea kwenye mabenchi kumpisha Ndekirwa akae.

Ndiyo maana wazee wetu walisema kwamba Kitabu huanzwa na macho, humalizwa na miguu.

Kwetu kisa hiki tunakimalizia hapo, na mimi nimekisimulia hivyo miaka yote kwa majivuno, maana Ndekirwa ni babu mzaa babu yangu. Lakini kuna kipande tunakiacha. Alirudi uani alfajiri, akapewa nafasi ya mbele, akasifiwa kwa subira yake. Wakasonga na Mathayo mpaka sura ya kumi na nane, pale isemapo kwamba ndugu yako akikukosea, wewe ndiwe uende kwake, mkazungumze ninyi wawili tu. Wala haisemi ukae nyuma ya masale mwaka mzima ukipiga hesabu ya sura. Zefania alisoma polepole, akainua macho. Watu wote wakageuka. Babu yangu, aliyekumbuka kilipo kila kitu, akakohoa.

"Kurasa hizo," akauliza, "mna hakika hazikugandana?"

Jioni ile hakuonekana mferejini. Nasi watoto wake tumezigandisha tangu siku hiyo. Leo nimezibandua.