Kiboko Alipodai Ndugu Mkubwa

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe, masikio tunayo!

Basi tulieni, maana leo nasimulia na hasira zangu.

Hapo kale, kwenye jabali lililo juu ya mto, aliishi Bwana Eliezeri Wibari. Kimo chake cha sungura, lakini mwungwana, mtoto wa waungwana. Akiba za wanyama wote alizitunza yeye katika mapango yake. Swala akileta mtama, hupokea. Nyani akileta karanga, hupokea. Njaa ikija, kila mtu hupewa chake. Kazi ikiisha, huchunguza wanyama: "Hebu panua kinywa nione meno. Haya, nyanyua mguu." Na Jumamosi wibari wote walipumzika, yeye akawaongoza katika dua, wakiwaombea na ndugu zao wa milima ya mbali.

Kosa lao lilikuwa hilo tu. Kuombea ndugu!

Chifu Kiboko alilitamani jabali na akiba zilizomo. Siku moja akapanda kutoka mtoni, di! di! di! akaita baraza.

"Hawa wibari wana ndugu ng'ambo," akanguruma. "Mwenye ndugu ng'ambo si mwenzetu. Kesho aende kwa ndugu zake, aache kila kitu!"

Swala akatazama chini. Nyani akajikuna. Wote wameokolewa na akiba zile wakati wa njaa, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo! Bwana Eliezeri damu ilimchemka. Nyuma yake watoto wa kiwibari walikuwa wanalia. Akaimeza hasira, akainama.

"Chifu, sheria hiyo ni ya kila mtu?"

"Ya kila mtu! Hata mimi!"

"Hewallah. Kabla hatujaondoka, niruhusu nimalize uchunguzi wangu wa koo za wanyama. Yuko mmoja mkubwa kuliko ndovu kumi, na sijampatia ukoo. Ndovu anasema ni wake."

"Ndovu mwongo!" Kiboko akafura. "Mkubwa hivyo ni wa kwangu!"

"Mwili wake hauna manyoya."

"Tazama wangu!"

"Mtoto wake hunyonya ndani ya maji."

"Nami nilinyonya ndani ya maji! Baraza, mashahidi ni nyinyi: huyo ni ndugu yangu, damu moja! Anaitwa nani?"

"Nyangumi."

"Nyangumi ndugu yangu! Anakaa wapi?"

"Baharini, Chifu. Ng'ambo kabisa."

Mara kasuku mtini: kwa! kwa! kwa! Wote wakaangua kicheko.

"Tukufungie mizigo, Chifu?" akauliza Bwana Eliezeri. "Na sisi safari yetu ni kesho."

Kiboko akatimua mbio hadi mtoni, chubwi! Ikabaki pua tu.

"Sheria nimeifuta!" akasema. "Ndugu wa ng'ambo si kosa."

Radhi hakuomba. Kesho yake, bila haya, akapeleka majani yake yatunzwe jabalini. Bwana Eliezeri akayapokea. Kisha akawaambia watu wake wasifungue mizigo yote.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Tamu yake gawaneni. Chungu yake niachieni mimi, nimeshaizoea. Na funzo lake, wanangu: wakubwa hawakosei kamwe. Nanyi mkichagua ndugu, chagueni wafupi.