Pimbi Avutana Kamba na Kifaru

Hapo zamani za kale, sikilizeni watoto, mwaka ambao vuli haikunyesha wala masika, maji yalibaki mahali pamoja tu: bwawa la Kifaru. Si kwamba alilichimba yeye. Alilala ukingoni siku moja, kesho yake akasema ni lake.

Akatangaza kwamba anayetaka kunywa sharti avutane naye kamba kwanza. Akimshinda Kifaru, Kifaru atahama na bwawa litakuwa la wote. Akishindwa, arudi kwake na kiu yake.

Nyati ndiye aliyeanza. Alivuta mpaka macho yakamtoka, lakini Kifaru, aliyejichagulia upande wa ardhi kavu, hakusogea. Upande wa Nyati ulikuwa tope tupu. Kwato zikateleza, srrr, akaburutwa kama gogo. Pofu naye akaburutwa. Ngiri akaburutwa, tena kifudifudi.

Palikuwa na pimbi mmoja mjane, jina lake Siwema, akitazama. Mwanawe wa mwisho alikuwa hana hata machozi ya kulilia. Wenzake walitazama shingo za wavutaji. Yeye alitazama miguu. Aliona michirizi mirefu kwenye tope, akawaza: Nyati hakukosa nguvu, alikosa pa kukanyaga. Kamba huvuta huku na huku sawasawa. Anayeondoka ni yule ambaye miguu yake haikushika.

Asubuhi akaenda kwa Kifaru, akamwamkia kwa adabu, akaomba zamu yake. Kifaru alicheka mpaka ndege wakaruka mitini.

Siwema akamwambia kwamba anacheka kwa haki, lakini wanyama watasema amemwonea mjane. Ili kulinda heshima yake, afadhali wavutane kwa namna ambayo haijapata kuonekana: Kifaru asimame juu ya chelezo katikati ya bwawa, yeye Siwema asimame ukingoni. Siwema akiingia majini, ameshindwa. Kifaru akifika ukingoni, ameshindwa yeye.

"Basi leo nitavua pimbi," akasema Kifaru, akakubali mbele ya wote. Korongo akawekwa mwamuzi.

Wanyama wakafunga magogo pamoja, Kifaru akapanda. Chelezo kikadidimia kidogo, kisha kikaelea, wakakisukuma hadi katikati. Siwema akachukua ncha yake ya kamba, akapita nyuma ya matete, akaizungusha kwenye jiwe kubwa na kuipiga fundo. Halafu akarudi mbele ya matete, akaishika kamba kwa vidole viwili tu.

Korongo akapiga mbawa, pa! Kifaru akavuta.

Chelezo kikasogea kuelekea kwa Siwema. Kifaru akashangaa, akavuta zaidi. Chelezo nacho kikaenda mbio zaidi, maji yakisema shwaa, shwaa. Kadiri alivyokaza ndivyo ukingo ulivyomjia. Hofu ikamwingia, akaiachia kamba kabisa.

Lakini chelezo hakikusimama. Kilikwisha shika mwendo, na juu ya maji hapakuwa na cha kukizuia. Kikaja hivyo hivyo mpaka kikagonga ukingo, gu! Chelezo kikasimama, Kifaru hakusimama. Aliruka mbele mzima mzima, pembe ikazama kwenye tope mpaka machoni.

Alipojichomoa alikuwa mpole. "Nguvu hizo umezitoa wapi, mama?"

"Zilikuwa zako, Bwana Kifaru. Mimi sikuvuta hata kidogo. Umejivuta mwenyewe."

Akampeleka nyuma ya matete, akamwonyesha jiwe na fundo. Kifaru akalalamika kwamba amechezewa. Korongo akamkumbusha kwamba sharti halikusema kamba ishikwe na nani. Lilisema nani asifike wapi, na yeye amefika, tena kwa pua. Wanyama wote walikuwa wamesikia. Kifaru akatikisa tope masikioni, akashika njia ya milimani, akahama.

Vigelegele vikapanda mpaka bonde zima likaitika. Nyati, aliyeaibika kuliko wote, ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Siwema hakungoja kupongezwa. Alikuwa amekwisha teremka majini na mwanawe mgongoni, akimwambia anywe polepole, maji yapo, hayaendi kokote.

Nami hadithi nimeitua hapa, watoto, nanyi shikeni hili: nguvu isiyo na pa kukanyaga humvuta mwenyewe.