Ushuru wa Ndoto za Adhuhuri

Ulikuwapo mji uitwao Zabarajadi, na mtawala wake aliitwa Sultani Mundhiri bin Ghasani, na habari zake nazisimulia kama nilivyozipokea, na nilipoongeza nimeongeza kidogo tu. Mji huo ulikuwa nyuma ya milima saba ya chumvi, na jua lake lilikuwa kali hata kunguru walitembea kivulini kwa miguu, na kwa hiyo ilikuwa ada ya watu wake, tajiri na maskini, kadhi na mchuuzi, kulala baada ya sala ya adhuhuri mpaka alasiri. Na mji ulipolala ulikuwa kimya hata maji yalisikika yakipita ndani ya kuta.

Lakini watu wale hawakulala bure. Walilala ili waote, na ndoto zao hazikuja zenyewe kama zijavyo zangu na zako, bali zilifumwa na mafundi, kwa hariri na moshi wa udi. Mtu aliyetaka kuota anatembea juu ya maji, au ameketi na marehemu mkewe katika bustani ya makomamanga, alikwenda kwa fundi akatoa fedha yake na kusema haja yake, na ndoto ilipokamilika ikamjia adhuhuri mpaka juu ya mto wake wa kulalia.

Na baina ya fundi na mito ya watu palikuwa na lango moja tu, na mwenye lango alikuwa jini aitwaye Karinusi. Zamani za babu yake Sultani, ndoto zilichukuliwa kwa vikapu nyumba kwa nyumba, na nusu yazo iliyeyuka juani, na walaghai wakauza majinamizi wakiyaita ndoto za heri, hata bibi harusi mmoja akaota anamezwa na mumewe, akakataa kumtazama mwaka mzima. Ndipo jini akaja akajenga Lango la Hariri, akavuta nyuzi zisizoonekana mpaka kwenye mito yote ya mji, mito elfu tisa, akaandikiana mkataba na Sultani yule kwamba hakuna ndoto itakayofika kwenye mto wa mtu ila kwa kupita kwake, na kwamba yeye atainusa kila moja isije ikawa jinamizi. Na ushuru wake ukawa sehemu tatu katika kumi, na hakutaka fedha. Alitaka sehemu tatu za ndoto yenyewe, zikatwe mwishoni, na kilichokatwa kiwe mali yake daima.

Sasa mafundi nao si wajinga. Walipoona miisho ya ndoto zao itakwenda na maji, walianza kuzitia mkia tangu siku ya kwanza. Baada ya bustani ya makomamanga walifuma uwanda mtupu, na mwenye kuota akatembea uwandani akihesabu vilima, ili jini akate uwanda na bustani ibaki salama. Hariri ya mkia aliilipa mnunuzi. Na kwa kuwa hakuna fundi aliyeweza kupima sawasawa, kipande cha uwanda kilibaki kila mara, na watu wakaamka na vumbi miguuni. Watu wa miji mingine wakiamka huosha uso, lakini watu wa Zabarajadi waliosha miguu, na chini ya kila kitanda palikuwa na beseni. Mafundi walinung'unika, ila kwa sauti ndogo, maana fundi mmoja aliyenung'unika kwa sauti kubwa aliambiwa Lango lina shughuli nyingi, na shughuli hizo hazikwisha mwaka mzima.

Katika mafundi hao alikuwapo Muzna binti Khalfani, mwanamke kijana mwenye mkono mwepesi na kichwa kigumu. Siku moja akajiwa na Mzee Twalibu, mshona matandiko ya farasi, mtu mpole asiyekuwa na mtu duniani. Alikuwa na binti mmoja, Raiye, akamwoza mji wa mbali ng'ambo ya milima, na siku ya kuondoka binti alisimama mlangoni akamwambia kwamba akifika tu ataleta salamu. Homa ikamshika njiani, akazikwa hukohuko kwenye chumvi, na salamu hazikuja.

Mzee akamwambia Muzna, "Mwanangu, sitaki unifufulie mtoto. Najua aliyekufa amekufa. Nataka aingie mlangoni aniambie, baba, nimefika. Hilo neno tu, basi."

Muzna akafuma siku arobaini, na akilia akafuta machozi kwa kiwiko ili hariri isilowe. Ikatoka ndoto fupi, nzuri kuliko zote alizowahi kufuma. Ikabaki kutiwa mkia, na hapo mkono ukamgoma. Kumwacha yule mzee asikie sauti ya mwanawe kisha atembezwe uwandani kuhesabu vilima, aliona ni kumcheka mtu msibani. Akajidanganya kwamba ndoto yenyewe ni fupi, na sehemu tatu za kitu kifupi ni kitu kidogo, akaipeleka langoni bila ya mkia.

Na jini akakata pale anapokata siku zote. Adhuhuri ile Mzee Twalibu akaona mlango unafunguka, na Raiye akaingia na vumbi la safari, akavua ushungi, akatabasamu, akafumbua kinywa, na mzee akaamka.

Akadhani kosa ni lake, ameamka mapema mno. Akalala tena, na mambo yakawa yale yale. Kesho yake akalala tangu asubuhi. Mwezi ukapita, na matandiko yakalala dukani nusu yameshonwa, na chakula akikisukuma kando, mwili ukamwisha hata majirani wakaanza kuulizana nani ana sanda. Muzna akaenda akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia kwa kinywa chake neno lililokatwa. Mzee akasema, "Ahsante, mwanangu," kwa adabu tu, akageukia ukutani akalala, kwa kuwa neno lile alilitaka kwa Raiye na si kwa mwingine.

Basi Muzna akafuma mwisho mpya, na safari hii akautia mkia mrefu wa kutosha ngamia kumi, akaupeleka langoni. Jini akaunusa akaurudisha. Akamwambia kwamba mwisho wa ndoto ile alikwisha kuupokea kuwa ushuru wake, na mali yake haipitishwi mara ya pili. Muzna akaona kuwa mzee atakufa, na kwamba aliyemuua ni yeye kwa kiburi chake, akajifunga buibui akaenda kwa Sultani siku ya baraza.

Akabusu zulia na kueleza habari yake tangu mwanzo, na Sultani Mundhiri akasikiliza kwa makini, lakini alipofika kwenye mikia akamkatiza. "Mkia gani huo?" akauliza.

Waziri akakohoa. Mawaziri wengine wakatazama dari. Kumbe ndoto za Sultani na za jamaa zake jini alizipitisha nzima kwa heshima, na Sultani alikuwa ametawala miaka kumi na minane bila ya kujua kwa nini raia zake wanaosha miguu. Alidhani ni usafi, na aliwahi kuusifu mbele ya mabalozi. Akaona haya, akaamuru jini aitwe.

Karinusi akaja kwanza kama harufu ya mvua, kisha kama ukungu wa rangi ya lulu, kisha akasimama mbele ya kiti cha enzi, mrefu, mtulivu, amevaa nguo zilizobadilika kila zikitazamwa. Akasalimu kwa adabu akasema:

"Ewe Maulana, Mola akuzidishie umri. Mafundi hawa husema mimi nakula jasho lao, na mimi nauliza, kabla yangu walikuwa nani? Walikuwa wachuuzi wa vikapu, na ndoto zao zikiwamwagikia njiani. Nimewajengea njia iliyofika mito elfu tisa. Fundi aliyeanza jana, asiyejulikana hata na jirani yake, leo akifuma vema, ndoto yake huotwa na mji mzima. Na katika miaka sitini halijapita jinamizi hata moja. Je, mwenye kujenga njia hana haki ya kula njiani?"

Muzna akajibu, "Maulana, hayo yote ni kweli, nami namshukuru. Lakini angekuwa na lango zuri namna hii nasi hatuna cha kupitisha, watu wangeota nini? Na fundi akiudhika aende lango gani, ikiwa ni hili moja? Anachukua sehemu tatu kwa tajiri mwenye mafundi mia, na tatu kwangu mimi ninayefuma peke yangu. Na hatazami anachokikata. Amekata neno la mtoto kwa baba yake."

Basi nguo za jini zikawa kijivu. Kisha akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyepata kuisikia kwake. "Sisi majini hatulali wala hatuoti. Nilisikia kuwa binadamu huona mambo wakifumba macho, nikatamani. Lango nililijenga kwa sababu hiyo, na ushuru nikautaka kwa ndoto, sikuutaka kwa dhahabu, maana dhahabu ninayo. Mkataba ulikuwa wa sehemu ya ndoto zenu. Miaka sitini mmenilisha uwanda. Natembea uwandani, nahesabu vilima, kila siku, elfu tisa kwa siku. Nami nilinyamaza kwa kuwa nilidhani ndivyo binadamu wanavyoota."

Mafundi waliosimama nyuma ya baraza wakatazama miguu yao, na hakuna hata mmoja wao aliyenung'unika, si kwa sauti kubwa wala ndogo.

"Kisha likaja neno hili," akasema Karinusi. "Nalisikia kila adhuhuri. Mtu anaingia, anasema amefika. Ndicho kitu cha kwanza cha kweli nilichopata, na ni halali yangu. Silitoi."

Sultani akamtazama kadhi, na kadhi akafunua mkataba akausoma mara mbili, akasema kwa masikitiko kwamba jini ana haki, na kwamba kiapo cha babu humfunga mjukuu. Muzna hakuwa na hoja tena, wala fedha, wala hariri ya kutosha kitambaa cha pua. Akamgeukia jini na kumwambia, "Sikudai kitu, bwana wangu. Neno ni lako. Nakuomba tu uje uone nyumba lilikotoka."

Jini hakuwa ameingia nyumba ya mtu hata siku moja, kwa kuwa alijua mito tu, wenye mito hakuwajua. Akakubali. Wakaenda adhuhuri ile ile, yeye na Muzna, na Sultani akawafuata kwa miguu kwa kuwa kila mchukua kiti chake alikuwa amelala. Mji ulikuwa mweupe na mtupu, na juu ya mapaa ndoto zilikuwa zikipita kwenye nyuzi zake kwa maelfu, na Muzna akaziona kwa mara ya kwanza kwa kuwa alikuwa kando ya jini, bustani na bahari na nyuso za watu wapendwao, zikielea taratibu na kushuka kila moja dirishani kwake.

Wakamkuta Mzee Twalibu amelala, mdogo kama nguo iliyoanuliwa. Uso wake ukafurahi, midomo ikatetemeka, kisha akashtuka akaamka. Akaugeuza mto akatazama chini yake. Akamwona jini mlangoni, na macho yake yalikuwa yamedhoofika asijue ni nani, akamwambia kwa upole, "Karibu, bwana. Unaonekana mgeni. Umepita njia ya milimani? Hukukutana na binti mmoja, mrefu hivi, ana haraka ya kufika?"

Jini akaketi chini kando ya kitanda, akangoja mpaka mzee akasinzia tena, na mlango wa ndotoni ukafunguka, na Raiye akaingia na vumbi la safari, akavua ushungi, akatabasamu, akafumbua kinywa. Na hapo Karinusi akaliachia neno.

Mzee Twalibu akasema usingizini, "Karibu, mwanangu. Alhamdulillahi," na machozi yakamtoka, akaendelea kulala usingizi wa mtu aliyemaliza safari. Alipoamka alasiri aliomba uji, na baada ya uji akauliza nani ameigusa sindano yake.

Lakini wakiwa bado chumbani, jini alibaki ameinama, na kilichotolewa kwake kilikuwa kimetoka chote, hata kumbukumbu yake. Akamwuliza Muzna kwa sauti ndogo, "Alisema nini?"

"Alisema amefika," akajibu Muzna, na akamhurumia kwa moyo wake wote.

Basi mkataba ukaandikwa upya, na kabla ya kutia muhuri Sultani akaomba aletewe ndoto yenye mkia, akalala nayo adhuhuri moja, akaamka akadai beseni. Ikawa kwamba Lango halitakata ndoto ya mtu tena, bali katika kila ndoto kumi fundi atafuma moja nzima kwa ajili ya jini, isiyo na uwanda ndani yake, na fundi mchanga atasamehewa mpaka apate wanunuzi mia. Ndoto za Sultani na jamaa zake zikaanza kulipa ushuru kama za wengine. Na anayetaka kuchukua ndoto zake kwa kikapu akaruhusiwa, na mito ikamfungukia. Wengine walifanya hivyo wakatajirika, na wengine walirudi langoni siku ya tatu wakiwa wameungua pua, na jini hakumwuliza mtu alikuwa wapi.

Muzna akaolewa na Suhaili, karani aliyeandika mkataba ule, kijana aliyemwita mara tatu aje kutia sahihi pale ambapo moja ingetosha, na Sultani akawapa nyumba yenye kisima na hariri isiyokwisha. Ama funzo lake, mimi naona ni hili: mwenye njia ana haki na mwenye kazi ana haki, na kipimo chake hakijulikani mpaka wote wawili wameingia nyumba ya yule wanayemtumikia.

Na siku Muzna alipokwenda langoni kuuliza ndoto ya kwanza ya ushuru mpya iwe ya namna gani, Karinusi alifikiri muda mrefu sana. Kisha akamwomba radhi, akasema hajui, kwa kuwa hajapata kuulizwa. Muzna akatandika mkeka, akaketi mbele yake, akamwambia aanze popote.