Pipa la Mama Ndeshi

Zamani hizo, kijiji kizima cha Kirewe, huku juu mlimani kwenye migomba, kilipika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa sufuria moja tu. Ilikuwa sufuria kubwa ya shaba, nayo ilikaa kwa Mzee Kileo, mkubwa wa ukoo. Sheria yake ilijulikana na wote: haiendi kwenye nyumba isiyo na mwanamume wa kuisimamia.

Aikande alikuwa mjane. Binti yake wa pekee, Ndeshi, alikuwa amechumbiwa na siku imekwisha kuwekwa. Bila mbege iliyopikwa nyumbani kwa bibi harusi, wakwe hawaketi. Na wasipoketi, hakuna ndoa. Basi Aikande alikwenda kwa Mzee Kileo, akapiga goti, akaomba.

"Mama Ndeshi, sheria hii niliikuta," mzee alimjibu kwa upole. "Msubiri shemeji yako arudi kutoka pwani."

"Atarudi lini, Mzee?"

"Labda mwakani."

Aikande alishukuru, akaondoka. Njia nzima alikuwa akikumbuka vitu alivyokuwa navyo nyumbani.

Alikuwa na pipa la bati la kukingia maji ya mvua. Alikuwa na pampu mbovu ya baiskeli ya marehemu mumewe, tyubu iliyochakaa, na mfuniko wa sufuria uliopinda. Akalitoboa pipa karibu na kitako, akachomeka pampu iwe bomba la kutolea pombe, mdomo wake akauziba kwa gunzi la hindi. Akaliweka pipa juu ya mafiga, akalizungushia udongo uliochanganywa na majivu ili moto usipotee bure.

Mara ya kwanza, ndizi ziliganda chini zikaungua. Bomba likavuja, likauzima moto. Majirani walikuja kuchungulia, wakarudi kwao wakicheka.

"Mama, tuahirishe," Ndeshi alisema, machozi yakimlengalenga.

"Tukiahirisha kwa sababu ya pipa, mwanangu, tutaahirisha maisha yote. Lete mchanga tusugue."

Wakasugua. Aikande akautoboatoboa mfuniko kwa msumari, akauweka ndani juu ya kokoto, ndizi zisiguse kitako. Tundu la chini akaliziba, akatoboa jingine vidole vinne juu yake, ili machicha yabaki chini. Bomba akalikaza kwa mpira wa tyubu. Safari hii pipa lilichemka tangu asubuhi hadi alasiri bila kudondosha hata tone, na ndizi zikaiva nyekundu kama inavyotakiwa. Akaziacha zichache kwa siku zake, kisha akatia ulezi.

Siku ya harusi wakwe waliketi. Mzee Kileo alipewa kata ya kwanza, kama ilivyokuwa haki yake. Hakuinywa. Alilizunguka pipa, akaugusa udongo, akainama kulitazama bomba.

"Nani aliyewasha moto huu?"

"Ni mimi, Mzee."

Akamnyooshea kata kwa mikono miwili. "Basi anza wewe."

Kijijini hakuna mwanamke aliyewahi kutangulia. Aikande alisimama wima mbele ya wakwe, akanywa taratibu mpaka kata ikaisha.

"Imeiva," alisema.

Na tangu siku hiyo, kila nyumba ya Kirewe ina pipa lake, na bomba lake hukaa vidole vinne juu ya kitako. Na mkubwa wa ukoo, hata awe na kiu namna gani, hagusi mbege kabla ya kuuliza aliyewasha moto ni nani. Naye huyo, awe mwanamume au mwanamke, ndiye hunywa wa kwanza.