Kandambili za Rehani

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maana yake ni kwamba uchungu anaujua anayeuonja, na aliye nje hana haki ya kusema hakuna kitu. Methali hii ni fupi, lakini Rehani wa Kihonda, Morogoro, alichelewa kuielewa, na nusura aielewe akiwa kaburini kweli.

Rehani alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Morogoro na Dar es Salaam. Alipenda samaki wa baharini kama wenzake wanavyopenda mpira. Sebuleni kwake alijenga tangi la kioo refu kama kitanda, akalijaza maji ya bahari aliyoyabeba kwa madumu kutoka Dar, akaweka mawe na samaki tisa wenye rangi kali kama khanga mpya. Kwa kuwa mwezi wa Juni upepo wa milima ya Uluguru huleta baridi, alinunua hita ya mtumba, mrija wa kioo unaozamishwa majini ili yasipoe. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili, na soketi ya ukutani ilitaka mitatu. Rehani hakuhangaika. Alipachika mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu, akaisukuma plagi kwa nguvu, ikaingia. Nani asiyefanya hivyo?

Katika nyumba ile viatu viliachwa mlangoni. Ni Rehani peke yake aliyeingia ndani na kandambili zake za mpira. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na daktari alimkataza kutembea peku hata hatua moja, maana kidonda kidogo kingeweza kuuondoa mguu wote.

Shida ilianza kwa mkewe, Mwanahawa. Mume akisafiri, kazi ya kusugua vioo vya tangi ilikuwa yake. Asubuhi moja alitumbukiza mkono, akahisi vidole vikishikwa. Hakuumwa wala hakuchomwa. Alishikwa, taratibu, kama mtoto anavyomshika mama yake vidole. Akauchomoa mkono. Majini hapakuwa na kitu. Samaki wote tisa walikuwa wamejikunyata kwenye kona moja, vichwa vimeelekea upande mmoja, wametulia kama watu msibani.

"Baba Halima, mle ndani kuna kitu," alimwambia mumewe aliporudi. "Kinanishika."

Rehani alicheka mpaka akakohoa. "Labda jini la Pwani limekupenda. Liambie lilete posa."

"Usinitanie. Nimeshikwa."

Rehani alikunja mkono wa shati, akauzamisha mkono wake hadi kwenye kiwiko, akauzungusha kama anayekoroga uji. "Haya, yuko wapi? Mbona mimi hanishiki? Sema tu hutaki kazi."

Mwanahawa aliutazama ule mkono. Aliona kwa macho yake kwamba mumewe hakupatwa na lolote. Akaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Wiki zilipita. Chumvi nyeupe ilitambaa juu ya waya wa hita kama ukungu juu ya mkate. Kila Mwanahawa aliposugua vioo, ule mkono usioonekana ulimshika kwa nguvu zaidi. Siku moja ulimpanda hadi begani, moyo ukamruka. Ndipo alipomwendea Ernest, fundi umeme wa mtaa wao.

"Shemeji, hiyo ni shoti," Ernest alisema. "Umeme unavuja. Usiyaguse maji yale tena mpaka nije. Na mtu akinaswa, usimshike hata awe nani. Kimbilia swichi kubwa, zima."

Rehani aliposikia jina la fundi aliwaka. "Fundi wa nini? Vile vitu nimeviunga mwenyewe! Mimi nikiwepo naingiza mkono kila siku. Huo umeme wako unachagua watu? Kesho nasafiri. Nikirudi nikute vioo vinang'aa. La sivyo, ufungashe urudi Mgeta kwa mama yako."

Siku mbili baadaye, mama huyo wa Mwanahawa, Bi Zuhura, alishuka kutoka Mgeta na kikapu cha njegere, kuwatembelea. Alivua ndala mlangoni, akaketi mkekani, akalitazama tangi kwa muda mrefu. Rehani alimkuta pale pale aliporudi Ijumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hebu niambie, hawa samaki wanamwogopa nani?"

"Baridi tu, mama."

"Baridi haina upande mmoja," alisema Bi Zuhura.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na kuifunika Kihonda hadi karibu na adhuhuri. Vioo havikuwa vimesuguliwa. Rehani alimkazia macho mkewe. "Nikitoka msikitini tutaongea habari ya Mgeta," alisema, akaenda kutia udhu kwenye bomba la uani. Alivua kandambili, akaosha miguu. Alipoinua kichwa aliona kupitia dirishani samaki wake wa manjano, aliyempenda kuliko wote, akielea kiubavu. Akasahau kandambili. Akakimbia ndani, miguu ikichuruzika maji, akatumbukiza mkono.

Kikamshika.

Vidole vyake vilijifunga juu ya jiwe na havikufunguka. Alitaka kupiga kelele, lakini taya zilikuwa zimekazwa. Mvumo mzito ulimjaa kichwani. Kwenye kona ile samaki wanane walikuwa wanamtazama, na ilikuwa kana kwamba walikuwa wanamngoja.

"Mwanangu, mumeo!" Bi Zuhura alipiga ukelele, akanyoosha mikono amvute.

"Mama, usimguse!" Mwanahawa alimpita mbio hadi ukumbini, akaivuta swichi kubwa chini.

Rehani alianguka kama gunia. Nyumba ikawa kimya. Ndani ya tangi samaki waliiacha kona yao, mmoja mmoja, wakatawanyika.

Ernest alipokuja aliitoa hita. Mrija wake ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akaziokota kandambili kwenye bomba, akaziweka miguuni pa Rehani, aliyekuwa amelala mkekani.

"Hizi ndizo zilizokudanganya," alisema. "Mpira haupitishi umeme. Mkeo alikuwa peku."

Mwanahawa aliinama karibu na mumewe. "Kimekushika?" aliuliza.

Machozi yalimtoka Rehani. "Kimenishika, mama Halima. Na wewe umeshikwa wiki zote hizi, mimi nacheka."

Mwanahawa alimfuta machozi kwa upindo wa khanga. Jibu walikwisha kulitoa wahenga zamani: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.